Cheni ya taimingi ikigonga kwenye X-Trail: sikiliza, pima, ndipo ufungue

Nissan X-Trail ya mwili wa T30 ilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 2000 ikaendelea kuundwa hadi 2007. Bado imejaa barabara za Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Kampala, na hakuna iliyo changa tena. Nyingi zina injini ya petroli ya QR20DE, lita 2.0, nyingine zina QR25DE ya lita 2.5. Zote mbili zinatumia cheni, si mkanda, kuunganisha krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, na kemshafti zinazofungua valvu, ili valvu zifunguke kwa wakati wake; huo ndio taimingi. Kwa kuwa cheni haina kilomita maalumu za kubadilishwa, wenye magari huisahau mpaka siku inapoanza kusikika.

Kelele yake ni ya kuchakacha, kama changarawe zikitikiswa ndani ya kopo, na hutokea upande wa kulia wa gari, uliko mkanda wa altaneta. Mtu akiisikia hukimbilia gereji, fundi anasema "cheni imekwisha", na kesho yake injini iko wazi. Mara nyingine fundi yuko sahihi. Mara nyingi sana, lakini, tatizo ni oili, na cheni mpya itaanza kugonga vilevile baada ya miezi michache. Kwa hiyo swali la kwanza si kelele inatoka wapi. Swali la kwanza ni inasikika saa ngapi: asubuhi injini ikiwa baridi, ikishapata moto, au muda wote.

Ili swali hilo lieleweke, lazima ujue cheni inakazwa na nini. Ndani kuna tensheni, pistoni ndogo inayosukumwa na springi pamoja na presha ya oili, yenye meno ya kuizuia isirudi nyuma. Pistoni hiyo inakandamiza kibao kilichopinda, chenye uso wa plastiki, nacho kinaikandamiza cheni. Cheni yenyewe hurefuka kadiri inavyofanya kazi. Pini na bushi za kila kiungo hulika kidogo mno, lakini viungo ni vingi, na jumla yake inaonekana. Tensheni hufuata urefu huo jino kwa jino hadi inapofika mwisho wake. Oili ikichelewa kufika, au presha ikiwa ndogo, springi inabaki peke yake na cheni inapata nafasi ya kuyumba na kupiga vibao.

Inagonga asubuhi kwa sekunde chache, kisha inanyamaza

Hii ndiyo dalili ya mwanzo na ndiyo yenye gharama ndogo ukiiwahi. Gari likilala usiku, oili inarudi chini kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Asubuhi unapowasha, tensheni inasubiri oili ipande. Sekunde 1 au 2 za kelele kwenye injini ya umri huu si msiba. Zikifika 3, 4 na kuendelea, kuna kitu kinaichelewesha oili au cheni imeshakuwa ndefu.

Anza na kijiti cha oili. QR20DE inajulikana kwa kula oili kupitia ringi za pistoni, na gari linaweza kutoka sevisi hadi sevisi, kilomita 5,000, likiwa limepoteza zaidi ya lita moja bila moshi wa kutisha na bila tone chini. Mwenye gari hajui, kwa sababu taa ya oili haiwaki kwa oili kupungua; inawaka presha ikishaanguka, na hapo umechelewa. Mwenye X-Trail ya QR achomoe kijiti kila wiki, gari likiwa kwenye usawa. Naisisitiza kazi hii ndogo kuliko spea yoyote nitakayoitaja huko mbele.

Kijiti kikiwa sawa, angalia filta. Filta nzuri ina kiwambo cha mpira ndani kinachozuia oili isirudi injini ikizimwa. Zile za bei ya chini kabisa zina mpira mgumu usioziba, au hazina kabisa. Ukiwa nayo mkononi dukani, chungulia kwenye matundu madogo yanayozunguka tundu la katikati: utauona mpira huo. Ubonyeze kwa ncha ya kalamu. Ukirudi mahali pake kwa ulaini, chukua.

Kisha aina ya oili. Kitabu cha injini hizi kinataka oili nyepesi, 5W-30. Huku kwetu kuna mazoea ya kuweka SAE 40 au 20W-50 kwa hoja kwamba injini imezeeka. Oili nzito inaweza kuficha kelele mchana, injini ikiwa ya moto, lakini inapanda polepole asubuhi, na asubuhi ndiyo saa ya tatizo lako. Dar, ambako hata alfajiri kuna joto, tofauti ni ndogo. Mbeya, Njombe au Limuru mwezi wa saba, inasikika wazi. Injini iliyochoka kweli naikubalia 5W-40 au 10W-40, si zaidi ya hapo, kwa sababu gia ya kemshafti ya valvu za kuvuta hewa inabadilisha taimingi kwa oili inayopita kwenye njia nyembamba.

Kuna jaribio moja lisilo na gharama linalotenganisha oili na cheni. Acha gari lilale usiku kucha. Asubuhi chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, kisha piga stata. Injini inaweza kushika kidogo kwa petroli iliyobaki, halafu itazima. Endelea kupiga stata kwa vipindi vifupi, kila kimoja kisizidi sekunde 10, hadi taa ya oili izime. Rudisha fyuzi na uwashe. Injini ikiamka kimya wakati jana yake ilichakacha, cheni ina nafuu: oili ndiyo iliyokuwa ikichelewa. Badilisha oili na filta, tumia gari wiki mbili, sikiliza tena. Ikiamka na kelele ileile hata baada ya oili kupandishwa, tensheni imechoka au cheni imerefuka.

Baridi iko kimya, ya moto inagonga

Injini inaamka vizuri, unakwenda zako, na baada ya foleni ya nusu saa unasikia mchakacho gari likiwa sailensi, yaani linawaka bila kukanyagwa mafuta. Ukikanyaga mafuta kidogo, unapotea. Hapa ndipo pesa nyingi hutupwa, kwa sababu fundi anasikia cheni na ni kweli ni cheni, lakini chanzo ni presha ya oili iliyoshuka. Oili ya moto ni nyepesi. Kama pampu imelika au beringi za krenki zimepanuka, presha haitoshi kuisukuma tensheni kwenye mzunguko wa chini.

Usikubali cheni ibadilishwe kabla presha haijapimwa. Inatolewa swichi ya presha ya oili, inafungwa geji mahali pake, injini inapashwa moto mpaka feni iwake na kuzima. Ikiwa sailensi inatakiwa isipungue kPa 98, yaani karibu bar 1. Kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika isipungue kPa 294, karibu bar 3. Gereji isiyo na geji hii haina namna ya kukuambia ukweli juu ya kelele ya aina hii, hata kama fundi wake ana sikio zuri.

Presha ikiwa chini, shusha sampu kwanza. Chujio la chuma linalonyonya oili hapo chini mara nyingi limezibwa na tope jeusi la oili iliyochelewa kumwagwa, au na vipande vya plastiki. Vipande hivyo uvitazame vizuri. Vikiwa vyeusi au vya kahawia iliyoungua, vyembamba, upande mmoja laini na mwingine umepasuka, hicho ni kibao cha cheni kinachomeguka, na sasa una matatizo mawili: kibao kimevunjika juu na oili imekabwa chini. Chujio likiwa safi na presha bado iko chini, pampu inakaguliwa. Kwenye QR pampu ya oili imo ndani ya kava la mbele na inazungushwa na krenki moja kwa moja, hivyo kuifikia ni kazi ileile ya kufikia cheni. Na kama pampu nayo ni nzima, zilizobaki ni beringi za krenki, na hapo mazungumzo ni ya kufungua injini yote au kutafuta nyingine.

Inagonga baridi na moto, na inaongezeka ukikanyaga mafuta

Paki gari. Injini hizi valvu na pistoni zinapishana kwa taimingi tu. Cheni ikiruka meno ya kutosha, valvu zinakutana na pistoni, zinapinda, na kazi ya cheni inageuka kuwa kazi ya hedi, sehemu ya juu ya injini yenye valvu. Kelele isiyokoma maana yake tensheni imefika mwisho wa meno yake, au kibao kimevunjika na cheni inakwangua kava. Gari libebwe kwenda gereji, lisiendeshwe.

Taa ya cheki injini, gari zito, kelele ipo au haipo

Cheni ikirefuka, kemshafti zinachelewa nyuma ya krenki. Gari linakuwa zito kupanda mlima, linachelewa kuwaka, na mashine ya kusoma kompyuta inatoa namba kama P0011, P0340 au P0335. Hapa tahadhari. P0340 ni ya sensa ya kemshafti na P0335 ni ya sensa ya krenki, na kwenye T30 sensa hizo mbili ni ugonjwa wa kawaida kabisa bila cheni kuhusika. Sensa inayokufa huzima gari la moto barabarani, kisha likipoa linawaka kama hakuna kilichotokea. Cheni iliyorefuka haina tabia ya kupona likipoa. P0011, ya taimingi ya kemshafti ya kuvuta hewa, nayo inaweza kuwa valvu ya umeme inayopeleka oili kwenye gia ya kemshafti, iliyoganda kwa uchafu. Itoe, ipelekee umeme wa betri kwa mguso mmoja mfupi, uone kama inasogea.

Kuna kipimo kinachosaidia sana ambacho mafundi wengi hukiruka. Mashine inayosoma data za gari likiwa linawaka inaonyesha pembe ya kemshafti ya kuvuta hewa. Injini ya moto ikiwa sailensi, namba hiyo inatakiwa iwe kati ya nyuzi -5 na 5. Ikikaa nje ya hapo muda wote wakati valvu ile ya umeme ni nzima, kemshafti haiko mahali kompyuta inapoitarajia, na cheni ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa hewa wa injini, nayo inasema kitu: kemshafti zikichelewa, sindano inatulia lakini chini kuliko kawaida. Kumbuka tu uko wapi. Injini nzima Dar itaonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki. Kila mita 300 unazopanda zinaondoa karibu inchi 1, kwa hiyo Arusha, iliyoko mita kama 1,400, inchi 14 si ugonjwa.

Kelele zinazofanana nayo

Kabla ya kufungua chochote, legeza mkanda wa altaneta injini ikiwa baridi, washa kwa nusu dakika tu, zima. Kelele ikipotea, ni beringi ya altaneta, ya puli au ya pampu ya maji, ambayo kwenye QR inazungushwa na mkanda huo. Bati la kukinga joto kwenye bomba la moshi likilegea huchakacha kwa sauti ya kudanganya hata fundi mzoefu. Lishike kwa koleo injini ikiwaka, ukiwa mwangalifu na joto. Mlio mzito wa kugonga, wa chini, unaosikika zaidi ukiongeza mafuta kwenye mlima ni beringi ya koneki, mkono unaounganisha pistoni na krenki, na huo ni msiba mwingine kabisa. Weka bisibisi ndefu kwenye kava la mbele, mpini sikioni, kisha uihamishe kwenye kava la valvu na kwenye bloku. Cheni inasikika kwa nguvu kwenye kava la mbele.

Kuthibitisha bila kushusha kila kitu

Sehemu ya juu ya kava la mbele, upande wa gia za kemshafti, ina kifuniko chake kidogo kinachotoka peke yake. Toa kava la valvu, toa na kifuniko hicho, mulika na tochi hadi uione pistoni ya tensheni. Ikiwa imetoka sehemu kubwa ya urefu wake na mwili wa tensheni umebakiwa na jino moja au mawili, cheni imekwisha, hakuna haja ya kubishana. Angalia pia vibao. Mfereji mwembamba wa cheni kwenye plastiki ni kawaida. Mfereji wenye kina unaoshika ukucha, au ufa unaokatiza kibao, si kawaida. Ndani ya kava la valvu, rangi ya asali ni historia nzuri. Tope jeusi linalokwanguka na bisibisi linakuambia sampu lazima ishuke.

Kubadilisha

Nunua seti nzima: cheni, tensheni, vibao vyote, gia ya krenki, sili ya krenki ya mbele na oringi za kava. Kwenye QR25DE kuna na cheni ndogo ya shafti za kupunguza mtetemo, yenye tensheni yake, nayo inabadilishwa. Kuweka tensheni mpya juu ya cheni ndefu kunanyamazisha kelele kwa muda mfupi, kisha inarudi. Gia ya kemshafti yenye kubadili taimingi ni ghali na si lazima kila mara. Ikague: ikiwa haijasukumwa na oili inatakiwa ijifunge isicheze. Ikicheza kwa mkono, ndiyo iliyokuwa ikitoa ule mkwaruzo mfupi, mkali, wa kuwasha tu. Kuhusu duka, seti za kuiga zimejaa Kariakoo na Kirinyaga Road vilevile, na dalili iliyo rahisi kuiona ni tensheni isiyo na tundu safi la pini inayoizuia pistoni wakati wa kufunga, au cheni isiyo na viungo vya rangi.

Kazi inafanyika injini ikiwa ndani ya gari. Oili inamwagwa, injini inategemezwa na jeki yenye ubao, mauntingi ya kulia inayoshikilia injini inatoka, puli ya krenki inatoka, na sampu inashuka. Mafundi wengi huruka sampu kwa sababu kava la mbele linaweza kuchomolewa kwa kulazimisha. Siungi mkono. Kava limekaa juu ya sampu, na silikoni ya kuunganishia pale chini haishiki vizuri ikipakwa kwa kubahatisha, oili inavuja baada ya wiki. Tena sampu ndiyo yenye vile vipande vya plastiki.

Silinda namba 1 ikae juu, ufunguo wa krenki, kile kipande cha chuma kinachoshikisha gia kwenye krenki, ukitazama juu. Viungo vya rangi vilingane na alama za gia zote tatu. Pini ya tensheni isichomolewe mpaka umeangalia alama hizo mara ya pili, ikiwezekana kwa macho ya mtu mwingine. Ikishachomoka, zungusha krenki kwa spana, kwa mkono, mizunguko 2 kamili kufuata saa. Ukigota kwenye kitu kigumu, acha hapo hapo. Hiyo ni valvu imegusa pistoni, na nguvu ya mkono bado haijaipinda. Baada ya kuzungusha, viungo vya rangi havitalingana tena na alama. Usishtuke wala usifungue upya: cheni ina viungo vingi kuliko meno ya gia, na rangi hurudi mahali pake baada ya mizunguko mingi. Alama za gia kwa nafasi ya krenki ndizo za kutazamwa.

Kabla ya kurudisha kava, hakikisha oringi za njia za oili ziko mahali pake kwenye hedi na bloku. Moja ikisahaulika, oili inapotea njiani, na utapata gari lenye cheni mpya na P0011. Silikoni ipakwe kwenye uso uliokauka usio na mafuta, kava lifungwe ndani ya dakika 5, na oili isimwagwe ndani kabla ya nusu saa. Boliti ya puli inakazwa kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kisha kwa pembe, kama kitabu kinavyosema, si kwa bomba refu na nguvu za watu wawili.

Kuwasha mara ya kwanza ni kama lile jaribio: fyuzi ya petroli nje, stata hadi taa ya oili izime, kisha washa. Mchakacho wa sekunde chache hapo ni tensheni ikijaa oili. Betri ikiwa ilitolewa, sailensi inaweza kupanda au kuyumba. Nissan inahitaji kufundishwa upya hewa ya sailensi kwa mashine, wala si kwa kugusa skrubu yoyote.

Oili hiyo ya kwanza imwagwe kwenye kilomita 1,000 pamoja na filta. Ipasue filta kwa msumeno, kunjua karatasi yake juani uitazame. Vumbi laini la chuma kidogo ni la kawaida kwa cheni inayozoea. Ukikuta chembe nyeusi za plastiki, sampu haikusafishwa vizuri, na inabidi ishushwe tena kabla chujio halijaziba.